Uzi wa wenye carwash Chuga (Arusha) na Moshi: ukichagua sabuni kwa bei ya dumu umeumia

Wakuu salama? Juzi kuna dogo kanicheki anataka kufungua carwash pande za Kwa Mrombo, eneo analo, simtanki la lita 5,000 lipo, mashine ya presha kashailipia, swali lake moja tu, eti bro sabuni ya bei chee inapatikana wapi. Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikafika dakika nne, nikafuta, nikaona bora niishushe hapa maana hili swali naulizwa kila siku na mimi mwenyewe limeshanila hela.

Nianze na lililonikuta. Mwaka wangu wa pili hapa Sakina alikuja jamaa kachomekea, ana begi, ndani vichupa vya sampuli vimepangwa kama yuko duka la dawa. Akapulizia kidogo kwenye rimu ya Noah iliyojaa lile vumbi jeusi la breki, akahesabu mpaka kumi, akapiga maji, rimu ikatoka kama imeshuka melini leo. Vijana wangu wakapiga makofi kabisa. Sikuuliza ndani kuna nini, sikuuliza inachanganywaje, nikachukua dumu mbili za lita 20, kesh, risiti hakuna. Wiki ya kwanza raha. Wiki ya pili akaja mteja wangu wa siku nyingi na Crown, kapiga sport rim zile za kung'aa ambazo hazijapakwa rangi, hazina hata miezi miwili. Gari imetoka juani, rimu za moto, kijana akapulizia halafu akaenda kupokea simu. Kurudi rimu zote nne zimeshika ukungu mweupe kama kioo cha bafuni, unafuta hautoki, unaosha hautoki. Ule haukuwa uchafu wakuu, ni aluminiamu yenyewe imeliwa. Nikazipeleka kwa fundi wa kupiga polishi, mbili zikarudi, mbili zikagoma. Nikalipa. Jamaa wa begi namba haipatikani mpaka kesho, na yule kijana siku mbili nzima analalamika vidole vinamuuma kwa ndani wakati kwa juu ngozi iko poa tu.

Hilo la vidole ndilo lilinitisha nilipokuja kuelewa baadaye. Baadhi ya hizi dawa za rimu za "hesabu kumi" zina asidi ya hydrofluoric, au chumvi ya ammonium bifluoride ambayo ikiingia kwenye maji inaleta madhara yaleyale. Hii siyo kama asidi ya betri ambayo ikikurukia unaruka, hii ikiwa nyepesi inapenya ngozi kimyakimya maumivu yanakuja masaa kadhaa baadaye, na huko ndani inakimbilia kalsiamu ya mwili, ikiwa nyingi inasimamisha moyo. Hospitali wanapaka jeli ya calcium gluconate, wewe ukiwa eneo la kazi unachoweza ni kumwagia maji mengi muda mrefu na kumkimbiza huko. Kwahiyo muuzaji akikwambia "ni asidi lakini haina shida" mwambie akuandikie jina la hiyo asidi kwenye karatasi. Akianza kuzunguka mnunulie soda aende zake.

Sasa sabuni yenyewe, na hapa ndiyo watu wanapigwa mchana kweupe. Sabuni nyingi za kuchanganywa mtaani ni SLES (wengine mnaita ungarol, ndiyo dawa yenyewe ya povu na kutoa uchafu), sulphonic nayo ya kutoa uchafu, soda ash, CDE kidogo ya kushikilia povu, rangi, pafyumu na chumvi. Chumvi hii hii ya jikoni. SLES ikishakuwa kwenye maji ukiitilia chumvi kidogokidogo inavutika inakuwa nzito kama asali, ukizidisha inarudi kuwa chepechepe kama maji. Na mtu ambaye kaweka SLES kiduchu mpaka chumvi imeshindwa kuvuta, anatia CMC, ule unga wa kuvutisha, mambo yanaenda. Kwahiyo ukifungua dumu ukaona sabuni inateleza taratibu kama uji wa mgonjwa usiseme hii kali, uzito haukwambii kitu. Povu nalo hivyohivyo. Mteja anapenda kuona gari imefunikwa povu kama keki, sawa, ni biashara, lakini povu linaweza kuwa jingi na uchafu ukabaki palepale.

Kwahiyo mimi nikaacha kuuliza bei ya dumu. Nauliza gari moja inakula shilingi ngapi. Chukulia mfano huu, bei ni za kukisia tu ili tuelewane. Sabuni A dumu la lita 20 ni elfu 30, yaani lita moja 1,500, ila ili ikate vumbi unachanganya moja kwa kumi (sabuni moja, maji kumi). Sabuni B dumu ni elfu 110, lita 5,500, unaona muuzaji kachanganyikiwa, lakini hii unachanganya moja kwa sitini. Gari ndogo kwenye bunduki ya povu tuseme inakula lita moja ya mchanganyiko. A inakugharimu kama sh 136 kwa gari, B sh 90. Unaosha gari 25 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, tofauti inakaribia elfu 30, yaani dumu zima la A umelimwaga mtaroni bila kujua. Na bado hujahesabu nauli ya boda kufuata dumu jipya kila baada ya siku tisa hivi.

Kabla sijalipa hela ya mtu siku hizi nachukua nusu lita, nalipia kabisa asione namsumbua, halafu naifanyia mambo yangu. Karatasi za kupimia pH zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara, pakiti unatumia miezi. Saba ni katikati, chini yake asidi, juu yake kostiki, sabuni ya bodi nataka icheze sita mpaka tisa. Ikisoma 12 au 13 hiyo ni ya chini ya gari na chesisi, siyo ya bodi, na aliyekuuzia kama shampuu kakudanganya. Halafu nachukua kipande cha foili, hii ya kufungia chipsi, nakitumbukiza kwenye glasi ya hiyo dawa nje kwenye hewa mbali na moto. Ikianza kutoa vipovu vidogovidogo mfululizo basi inaila aluminiamu, sport rim za watu utazilipa, iwe ni kostiki iwe ni asidi. Hiki kipimo ningekijua siku ya yule jamaa wa begi nisingekuwa naandika haya.

Kingine, tone moja la ule mchanganyiko (siyo sabuni mbichi) unaliweka kwenye kioo cheusi juani, na pembeni yake tone la maji yako matupu. Hili la maji msiliache, nitasema kwanini. Yakikauka unalinganisha, la sabuni likiacha ganda jeupe kuzidi la maji ujue chumvi au soda imezidi. Mwisho chupa moja naiacha dirishani wiki nzima. Sabuni nzuri inakaa vilevile, ya kuunga inajitenga, juu maji chini ute.

Kwanini tone la maji. Maji ya huku Arusha, hasa ya visima, yana madini, floraidi kila mtu anaijua kwa meno yetu ya kahawia, lakini haiko peke yake, kuna chumvichumvi nyingine zimeyeyuka humo. Ukiosha gari nyeusi saa saba mchana ukaiacha ijikaushe unapata madoa ya duara kama ugonjwa wa ngozi. Nilishafukuza sapulaya mzuri kabisa kwa sababu ya hayo madoa, nikasema sabuni yake mbovu, kumbe ni maji yangu. Dawa yake ni kivuli na vitambaa vya maikrofaiba vya kutosha, basi. Nilimpigia kumuomba radhi, akacheka, ila bei ya zamani hakunirudishia.

Naishia hapo kwanza, maswali karibuni. Majina ya maduka sitaji hapa, kila mtu akapime mwenyewe.

Mdau wa Njiro:
Mkuu uzi mzuri ila mnakuza mambo. Mimi mwaka wa nane natumia sabuni ya unga ya kufulia na maji, gari zinatoka safi, wateja wanarudi. Hizo pH ni za wasomi.

Mleta uzi:
Kaka sikubishii kwamba zinatoka safi. Sabuni ya kufulia imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo, ina soda ya kutosha, kwahiyo inatoa na waksi iliyoko juu ya rangi ya gari. Mara moja mbili huoni kitu, mteja wa kila wiki baada ya mwaka boneti inapauka inakuwa kama imepakwa unga, na yeye anadhani ni jua. Pia zile chengachenga ambazo hazijayeyuka ukisugua na sponji unachora miviringo, gari nyeusi ipeleke kwenye taa usiku uone. Fanya hivi, osha na sabuni yako nusu boneti ya gari yako mwenyewe mwezi mzima, nusu nyingine tumia shampuu ya pH saba. Usinijibu leo.

Mdau wa Njiro:
Gari yangu ni nyeupe bwana 😂

Mdau wa Moshi, Majengo:
Mimi naomba niwatetee wachanganyaji wa mtaani maana naona kama mnawaponda. Mimi nachukua kwa dada mmoja alisomea utengenezaji sabuni SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, anachanganya nyumbani kwake, tumeanza naye tangu nina mashine moja mbovu. Ananipa mali kauli, namlipa jumamosi. Huyo wa dumu la elfu 110 atakupa mali kauli? Lakini kuna kipindi sabuni ikabadilika ghafla, povu linakufa kabla hujamaliza mlango wa pili. Nikadhani ni maji, lakini sisi huku maji ni ya chemchem za mlimani, hayana tabia hizo za kwenu. Nikamfuata nikamuuliza kwa upole, dada umebadili kitu? Akasema ukweli, SLES imepanda bei kapunguza kidogo, aliogopa kuniambia nisije nikamkimbia. Nikamwambia pandisha bei dada yangu usipunguze dawa. Tangu hapo kila mzigo ukija natoa kichupa cha soda nakiandika tarehe nakiweka juu ya kabati. Mzigo mpya nikiutilia shaka nashusha cha zamani navitikisa vyote viwili pamoja.

Mleta uzi:
Hiki kichupa cha tarehe nakiiba mkuu. Na mimi siwapondi, shampuu yangu ya sasa yenyewe inachanganywa mtaa wa Unga Limited hapahapa. Ninachokwepa kwa mchanganyaji wa mtaani ni dawa za rimu na za injini, hizo namuachia mwenye lebo iliyoandikwa kilichomo na karatasi ya maelezo ya usalama, kijana akiungua nijue namwambia daktari nini.

Mdau wa Tengeru:
Habari zenu, mimi ni mama na nina carwash ndogo nimeachiwa na marehemu mume wangu. Mnaongelea sapulaya wakati mwizi yuko ndani. Nilikuwa nanunua sabuni nzuri ya bei, nachanganyiwa moja kwa hamsini, siku chache tu dumu limekwisha. Nikakaa siku nzima kwenye kiti naangalia tu. Vijana hawaibi jamani, nisiwasingizie, wao wanamimina kwa jicho. Anashika dumu la lita 20 anainamisha kwenye ndoo, glo glo glo, anasema imetosha. Nikanunua kikombe cha kupimia cha mtoto kile chenye alama, nikachora mstari mwekundu kwa rangi ya kucha, na dumu kubwa nikalifungia stoo wanapewa chupa ya asubuhi. Sasa dumu moja linanipeleka wiki tatu na nusu. Na glovu nawanunulia kila mwezi maana walikuwa na vidonda katikati ya vidole, wanaficha.

Mleta uzi:
Shikamoo mama. Kwangu walikuwa wanatumia kifuniko cha chupa ya maji, kila mmoja na kifuniko chake. Kesho natafuta rangi ya kucha.

Mdau wa Tengeru:
Marahaba mwanangu. Chukua nyekundu, nyeupe inafutika.

Mdau wa Kijenge:
Swali, hiyo moja kwa sitini kasema nani? Si muuzaji mwenyewe? Kila dumu limeandikwa moja kwa mia siku hizi.

Mleta uzi:
Umepiga penyewe. Namba ya kwenye dumu ni ya kuanzia mazungumzo tu. Mimi natafuta Landcruiser ya watalii imetoka Ngorongoro, lile vumbi jekundu limeganda, mlango mmoja nagawanya kwa utepe wa karatasi wenye gundi vipande vinne. Cha kwanza moja kwa ishirini, cha pili moja kwa arobaini, sitini, themanini. Dakika tatu, maji. Pale uchafu unapoanza kubaki narudi hatua moja nyuma, hiyo ndiyo namba yangu ya kupigia hesabu. Muuzaji akiwepo hapohapo inakuwa tamu zaidi, mmoja aliandika mia ikagota arobaini, akashusha bei mwenyewe bila kuombwa.

Na kwa hizo gari za tua msikimbilie dawa kali. Tope la porini unaliloweka kwa maji matupu dakika kumi, presha kwa chini kwanza, asilimia kubwa inashuka yenyewe. Zikitoka Ziwa Natron ndiyo usiguse na sponji kabla ya maji mengi, lile vumbi la magadi ukilisugua kavu unasaga rangi.

Mdau wa Usa River:
Injini mnatumia nini? Huku tunapiga dizeli na mafuta ya taa.

Mleta uzi:
Acheni wakuu. Vinatoa grisi kweli ila vinavimbisha mipira, bushi na mabomba, na injini ikiwa ya moto unacheza na moto kweli siyo msemo. Kuna digriza za kuyeyuka kwenye maji, unapulizia injini imepoa, waya na altaneta umefunga na nailoni, unasuuza kwa presha ndogo.

Mdau wa Sanawari:
Niongezee moja, siku hiyo mtu wangu alimwagia dawa ya rimu kwenye ndoo iliyobaki na jiki ya kuoshea choo. Ule moshi tulikimbia wote tukaacha gari inanguruma. Asidi na jiki msiweke hata rafu moja, ile ni gesi ya klorini.

Mdau wa Kijenge:
Haya na vibali? Nasikia Mkemia Mkuu, wengine NEMC ya mazingira, wengine TBS ya viwango. Sisi wa ndoo na presha yanatuhusu nini?

Mleta uzi:
Yanakuhusu kupitia kwa muuzaji. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ipo tangu 2003, anayefanya biashara ya kemikali hizo anatakiwa awe amesajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na ofisi ya kanda ya kaskazini iko hapahapa Arusha. Mimi namuomba muuzaji cheti chake kama ninavyomuomba bei, mwenye nacho anakutumia picha kabla hujamaliza sentensi. Na risiti ya EFD, siyo kwa ajili ya TRA peke yake, siku rimu za mteja zimeliwa hicho ndicho kikaratasi cha kumfuata mtu. Mimi sikuwa nacho.

NEMC ni maji yanayotoka kwako. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na nyie mnajua carwash ngapi zimebanana na mito ya Themi na Naura. Hata kama uko mbali chimba shimo la kunasa tope na mafuta kabla maji hayajaenda mtaroni. Mwenye dawa za kostiki na asidi majirani ndio wanamshtaki wa kwanza, migomba inakauka.

Mdau wa Moshi, Majengo:
Na mzigo wa Nairobi kupitia Namanga? Naona watu wanasifia.

Mleta uzi:
Nilijaribu. Bidhaa nyingi ni nzuri, lebo zimekamilika. Shida ni kuivusha, kemikali nayo inataka kibali, ukipitisha kienyeji kwenye buti ya probox siku wakikukamata umepoteza mzigo na amani. Kama kuna wakala wa upande huu anaileta kihalali nunua kwake hata kama kaongeza. Ya Dar inapanda na basi, asubuhi yake uko stendi unapokea, ila agiza dumu la akiba kabla ya mwezi wa sita. Msimu wa watalii ukianza kila carwash inataka mzigo wiki moja, hapo ndiyo mtu anakuletea chochote kilichopo kwa bei anayotaka.

Dogo wa Kwa Mrombo:
Bro ndiyo mimi niliyekuuliza, nimesoma yote mpaka mwisho. Nina laki mbili tu ya kuanzia dawa. Nichukue nini?

Mleta uzi:
Dogo, chukua shampuu dumu moja iliyopita foili na karatasi. Dawa ya tairi ile ya maji lita tano, siyo ya mafuta, ya mafuta huku kwetu kabla gari haijafika Mbauda tairi imeshika vumbi imekuwa ya kijivu. Polishi ya dashibodi lita moja inatosha miezi. Dawa ya rimu usinunue kabisa kwa sasa, brashi na shampuu ileile, rimu ikikugomea mwambie mteja ukweli. Hela iliyobaki yote maikrofaiba, glovu na kikombe cha mama wa Tengeru. Wauzaji wawili, siyo mmoja, hata kama wa pili unamchukulia lita tano tano tu ili asikusahau.

Jumamosi njoo Sakina na sampuli ulizopewa. Foili ninayo.

Dogo wa Kwa Mrombo:
Ninazo nne, moja jamaa kaniletea jana ana begi

Mleta uzi:
Hiyo ya begi ilete ya kwanza